Ramla Haaniki Nje

Ukiingia kwa Ramla lazima uiname. Mlango wake ni mrefu wa kutosha, lakini nyuma ya mlango kuna nguo. Kamba sita za nailoni zimevutwa kutoka ukuta mpaka ukuta, na juu yake kuna mashati, mashuka, blauzi na suruali za watu wa Kasuku, ng'ambo ya mto, anaowafulia, zote mbichi, zikining'inia juu ya kitanda, juu ya meza, juu ya masufuria. Ukitaka kufika kwenye kiti unasukuma shuka la mtu kwa mkono, na shuka jingine linakupiga shavuni. Ukishakaa, atakuambia usiegemee ukuta. Ukuta unatoka maji. Kwenye pembe zote nne kumeota weusi ambao ameupaka chokaa mara sijui ngapi, na kila mara unarudi.

Uwanja wake ni mpana. Jua linaupiga tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi, na hakuna kivuli ila cha mpapai mmoja. Hapo angeweza kuanika nguo za mtaa mzima. Hakuna hata kamba moja.

Watu wa avenyu yetu hapa Alunguli, mjini Kindu, wamesema mengi. Wako wanaosema anaogopa wachawi wasije wakakata kipande cha nguo. Wako wanaosema ni kiburi. Vijana waliozaliwa baada ya vita wanacheka tu. Mimi ni jirani yake tangu mwaka wa 1996, wananiita Mama Jules, na ninajua sababu. Nilikuwapo.

Ramla aliolewa na Matata akiwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa mcheshi, mwenye sauti ya kusikika mpaka barabarani. Akicheka kwake, mimi kwangu nilijikuta nacheka bila kujua ni kwa nini. Matata alikuwa fundi wa baiskeli. Kibanda chake kilikuwa kando ya njia inayokwenda mashambani, na kila aliyepita na mzigo wa mihogo alisimama kwake kuziba tairi au kunyoosha ringi. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye vidole vyeusi vya girisi ambavyo sabuni haikuviweza. Matofali ya nyumba aliyafyatua mwenyewe. Vyumba vilikuwa viwili, cha mbele na cha nyuma, na cha nyuma hakikuwa na dirisha kwa sababu mbao zilikwisha. "Nitaweka mwaka ujao," alisema. Sharifa, mtoto wao wa kwanza na wa mwisho, alizaliwa humo mwaka ule nilipohamia.

Vita viliingia Kindu mwaka wa 1998, lakini kwetu ubaya wenyewe ulikuwa mwaka wa 2002. Askari walishika mji, na wapiganaji wengine walikuwa msituni, wamezunguka pande zote. Njia za mashamba zilifungwa. Mto nao ukafungwa, mitumbwi ikakatazwa kuvuka kwenda Kasuku. Mume wangu Bruno alikuwa amekwenda ng'ambo kutafuta chumvi akabaki hukohuko miezi minane. Tulikula majani ya viazi, tukala maganda. Na kila mwanaume aliyeonekana alikuwa mtu wa msituni mpaka athibitishe kwamba siye, na hakuna aliyejua jinsi ya kuthibitisha.

Kwa Matata walikuja mwezi wa pili. Kuna mtu alikuwa amesema kwamba baiskeli za watu wa msituni zinatengenezwa katika kibanda chake. Huenda ilikuwa kweli. Fundi hamuulizi mtu anakwenda wapi. Siku hiyo alikuwa kisimani. Ramla alisimama mlangoni, Sharifa amemshika kiunoni.

"Bwana yako iko wapi?"

"Aliendaka Kalima. Kutafuta kazi kwenye machimbo."

"Tangu siku gani?"

"Wiki mbili sasa."

Walichukua koleo, pampu na magurudumu mawili wakaenda zao. Matata alirudi kwa kupita nyuma, katikati ya mihogo ya sombe, akaingia chumba kisicho na dirisha. Tangu hapo, kwa mtaa wote, Matata alikuwa Kalima. Mimi niliambiwa ukweli kwa sababu ukuta kati yetu ni mwembamba na kikohozi hakifichiki.

Sasa sikiliza habari ya nguo. Wale askari walikuwa wamejifunza kuangalia kamba. Wakipita uwanjani, kabla ya kuuliza lolote, walitazama kilichoanikwa. Mwalimu Nestor, nyumba ya tano kutoka kwetu, mlango wake ulivunjwa kwa sababu ya singileti moja tu. Mkewe alikuwa amesema hakuna mwanaume ndani, na singileti ilikuwa pale inapepea. Baada ya hiyo, nguo zote za kiume ziliingia ndani. Ungepita Alunguli mwaka ule ungedhani ni mji wa wanawake na watoto peke yao. Vikwembe, ndivyo vitenge vyetu, gauni ndogo, nepi. Hakuna shati, hakuna suruali. Na nyuma ya kuta, katika giza, mashati na suruali zilikuwa zinaoza polepole.

Ya Matata ilikuwa suruali moja. Ya pili walikuwa wamebadilishana na unga. Ilikuwa ya jinzi nzito, aina ile ambayo hata juani inataka siku nzima, na ile ilikuwa miezi ya mvua. Ramla aliifua kwa maji matupu, akaikamua mpaka viganja vikachubuka, akaitundika juu ya mbabula, jiko letu la makaa. Lakini makala yalikuwa ya kupikia, tena ya kupikia mara moja kwa siku. Alijaribu kuitandika chini ya godoro, mwili uikaushe. Alijaribu kuifunga kwenye sufuria ya moto. Siku ya nne ilikuwa bado na unyevu kwenye mishono na mifukoni, na ilikuwa na harufu kama ya mbwa aliyenyeshewa. Matata aliivaa hivyohivyo, kwa kuwa mtu aliyejificha hawezi kukaa uchi akisubiri. Siku yoyote angelazimika kukimbia.

Mwezi wa tano mapaja yake yalikuwa yameota upele. Mwezi wa sita ngozi ilikuwa inatoka, alitembea kwa kutanua miguu katika kile chumba cha hatua nne. Akikohoa alijiziba na mto. Ramla alimpaka mafuta ya mawese, kisha hata mawese yakaisha.

"Baba Sharifa, vumilia," nilimsikia akimwambia.

"Nimevumilia njaa. Nimevumilia giza. Hii ya maji kwenye mapaja njo inanishinda." Alikuwa analia, mtu mzima, kwa sauti ndogo. "Jua moja tu, Ramla. Niivae kavu mara moja, halafu sitakuomba tena."

Alimwomba hivyo siku tatu mfululizo. Mvua zilikuwa zimekatika, kiangazi kimeingia, na jua la mwezi wa saba lilikuwa linawaka nje bure.

Jumanne tulisikia kwamba askari wa mtaa wetu wameitwa wote mtoni. Ilikuwa kweli, tuliwaona wakishuka kwa makundi. Ramla alitoka na suruali ndani ya beseni. Alifunga kamba nyuma ya nyumba, kati ya mpapai na nguzo ya choo, akaianika, kisha akaifunika na kitenge chake kikubwa, kile cha rangi ya udongo, kikashuka pande zote mbili mpaka chini. Mtu akipita angeona kitenge cha mwanamke tu. Akamwambia Sharifa acheze karibu, asiende mbali. Akaingia ndani kumwangalia mumewe, ambaye alikuwa amejifunga shuka kiunoni.

Mimi nilikuwa uwanjani kwangu, nachambua majani. Nilimwona Sharifa. Alikuwa na miaka sita. Alikuwa na mtoto wake wa mgomba, kipande cha shina la ndizi alichokichora macho kwa makala, na mtoto huyo alikuwa analia, inaonekana, kwa sababu Sharifa alikuwa anambembeleza. Akaangalia huku na huku. Akavuta kitenge kwenye kamba, akajifunga nacho, akambeba mtoto mgongoni kama sisi tunavyobeba. Suruali ikabaki peke yake, nyeusi kwa maji, miguu yake miwili imening'inia.

Niliona. Nilifikiri, labda mama yake amemruhusu. Nilifikiri, nikipiga kelele watu watasikia. Nilifikiri vitu viwili vitatu vya namna hiyo, na wakati nafikiri, askari wawili walitokea kwenye njia ya nyuma. Hawakuwa wanatafuta mtu. Mmoja alikuwa ameshika kuku kwa miguu. Walikuwa wanatafuta chumvi ya kumlia.

Yule mwenye kuku alisimama. Akaishika suruali kwa mkono mwingine, akaikamua, maji yakamtiririka kwenye kiwiko.

"Mama! Toka. Hii ya nani?"

Ramla alitoka. "Yangu. Nataka kuiuza."

"Ya bwana yako?"

"Aliiacha alipoendaka Kalima."

Askari alimtazama, akatazama mlango. Mwenzake alikuwa ameshaingia. Hatukusikia risasi. Tulisikia kitu kinaanguka, halafu Matata akatoka, mikono juu, na shuka kiunoni, akifumba macho kwa jua. Miezi mitano hakuwa ameliona. Rangi yake ilikuwa imegeuka kama ya mtu aliyelala kwenye majivu.

Alisema neno moja tu. Aliomba avae suruali, asipite mjini na shuka. Wakamruhusu. Aliichukua kwenye kamba ikiwa mbichi vilevile, akaivaa mbele yetu, akijipinda kwa maumivu ilipopita mapajani. Ilimshika miguuni. Akaondoka nayo katikati ya wale wawili, akitembea kwa kutanua miguu, na alama za maji zikabaki nyuma yake kwenye vumbi kwa hatua kadhaa. Mimi nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya ukuta, nimemziba mwanangu Jules mdomo.

Ramla aligeuka. Hapo ndipo alipomwona Sharifa, amesimama na kitenge mgongoni.

Alimfuata mumewe mpaka kwenye nyumba walikofungia watu. Alipeleka chakula siku ya kwanza, kikapokelewa. Siku ya pili kikapokelewa. Siku ya tatu mlinzi alimwambia, "Mama, huyo alivushwa," akamrudishia sahani. Kuvushwa wapi, hakusema. Mto ulipofunguliwa, Ramla alikuwa kati ya wa kwanza kuvuka. Aliuliza Kasuku, aliuliza Mikelenge, aliuliza watu waliotoka Kibombo kwa miguu. Vita vilipokwisha na watu wakaanza kurudi, alikwenda kwenye kivuko kila mashua ilipofika kutoka chini ya mto, mwaka mzima. Kisha akaacha. Hakuna kaburi, wala karatasi, wala mtu aliyesema nilimwona.

Ile kamba ya nyuma aliifungua siku ileile, akaifunga ndani. Sidhani aliamua. Alikuwa na nguo za kuanika, za kwake na za mtoto, na mikono ikazipeleka ndani. Juma lililofuata vilevile. Alipoanza kufua nguo za watu ili mtoto asome, alizipokea Kasuku, akavuka nazo kwa mtumbwi, akazibeba kichwani mpaka nyumbani, akazifua kwenye beseni uwanjani, na kila moja iliyokamuliwa iliingia ndani. Aliongeza kamba ya pili, ya tatu. Alinunua pasi ya makala ili kumalizia unyevu. Chumba cha nyuma kilianguka kwa mvua miaka tisa iliyopita, matofali hayakuwa ya kuchomwa, na hakukijenga tena. Kamba zote zikahamia cha mbele.

Na sauti yake ilikuwa imepungua. Ilibaki ya kuongelea, si ya kuchekea.

Sharifa alikua. Ramla hakuwahi kumwambia kitu kuhusu siku ile, na Sharifa hakuwahi kuuliza. Mtoto wa miaka sita anasahau, Ramla aliniambia mara nyingi, hata nilipokuwa sijamuuliza. "Hakumbuke kitu, Mama Jules. Mungu alimufungia macho." Nilimjibu ndiyo.

Sharifa aliolewa na Ilunga, kijana mchapa kazi, akahamia Mikelenge. Kisha Ilunga akaenda Kalima kuchimba kasiterite, madini ya bati, na Sharifa akarudi kwa mama yake na Falone, mtoto wa miaka mitatu, wakisubiri awaite. Wakalala watatu kwenye chumba kimoja, chini ya nguo.

Falone alianza kukohoa mvua zilipoanza. Kwanza asubuhi tu, kisha siku nzima. Kifua chake kilikuwa na sauti kama ya mtu anayeburuta mkeka. Mwezi wa kumi na moja mdomo wake ulibadilika rangi, nikaenda nao kwenye kituo cha afya. Muuguzi anaitwa Elie, kijana mpole. Alimsikiliza mtoto kifua, akampa dawa ya kwanza, akakaa.

"Mutoto analala wapi?"

"Na sisi," Sharifa alijibu. "Chumba kimoja."

"Munapika humo?"

"Inje."

"Nguo munaanika wapi?"

Sharifa alimtazama mama yake. Ramla alikuwa anaangalia sakafu.

"Ndani," Sharifa akasema. "Nguo za watu. Kila siku."

Elie aliweka kalamu chini. Aliongea na Ramla kwa heshima, kama na mama yake mzazi. "Mama, maji yanayotoka kwenye nguo hayapotei. Yanaingia kwenye ukuta, yanaota kuvu, na mutoto anavuta ile. Dawa nitatoa, lakini mukirudi kwenye chumba kile, atarudi hapa. Toeni nguo inje. Jua iko ya bure."

"Nimesikia, baba," Ramla alisema.

Kesho yake alivuka kwenda Kasuku kurudisha nguo. Sharifa hakungoja. Alifungua kamba mbili, akazifunga uwanjani, mpapai na nguzo, akatoa kila kitu nje. Nilikuwa nimekaa hapo namenya karanga zangu za kuuza. Uwanja ulikuwa mzuri, nakwambia kweli. Mashuka meupe, mashati ya watu wa ofisi. Na katikati, suruali tatu za mtu mmoja.

Ramla alirudi saa sita. Aliona kutoka barabarani. Hakusema kitu, aliweka mzigo chini palepale kwenye vumbi na kuanza kuvuta nguo kwenye kamba, suruali kwanza, vibanio vinaruka.

"Mama, acha," Sharifa alisema. "Mama. Acha nguo."

"Rudisha ndani."

"Mutoto anakufa humo ndani!"

"Rudisha ndani nimesema!"

Sharifa alimshika mikono. Ni mwanamke mwenye nguvu kuliko mama yake sasa. "Unafikiri sijuwe? Unafikiri sijuwe ni ya nini? Nilikuwako, mama. Mimi njo nilitoa kikwembe."

Ramla aliacha kuvuta.

"Nilikuwa nataka kubeba mutoto wangu wa mgomba," Sharifa alisema. Sauti yake ilikuwa imetulia ghafla, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Ulikuwa umefunika suruali ya baba, mimi nikafunua. Nakumbuka kuku. Nakumbuka maji kwenye mukono wa yule askari. Kila siku ukianika nguo mbele yangu humo ndani, unaniambia. Miaka makumi mbili unaniambia."

"Hapana," Ramla alisema. "Hapana, mwanangu. Ilikuwa upepo. Upepo ulitupa kikwembe chini, wewe ukaokota."

"Siku ile hakukuwa upepo."

"Suruali nilianika mimi. Baba yako aliniomba. Siku tatu alikuwa ananiomba. Ni mimi niliitoa inje, sikia, ni mimi."

"Na mimi nilifunua."

Ramla akanigeukia mimi. Nilikuwa na karanga mkononi. Macho yake yaliniomba niseme upepo, kwamba nilikuwapo, kwamba niliona upepo. Lakini kama ningesema nilichoona, ningelazimika kusema chote, pamoja na kule kunyamaza kwangu. Niliinama nikaendelea kumenya. Wala uongo sikuuweza, wala ukweli.

Usidhani Ramla hakujaribu. Alijaribu. Juma lililofuata alinijia akasema, "Mama Jules, anika wewe. Kwako. Mimi nisione." Nilianika kwangu siku nne. Alikaa mlangoni kwake, mgongo umegeuzwa, lakini kila pikipiki iliyopita alisimama. Hakula. Falone alikohoa kidogo siku zile, nilisikia mwenyewe kupitia ukuta. Siku ya tano walipita vijana wawili wenye sare, sijui walinzi wa nani, wanacheka na simu zao, hata hawakutazama uwanja. Nilitoka jikoni nikakuta kamba zangu tupu. Nguo zote zilikuwa kwake, mbichi, zimerundikana juu ya kitanda, na yeye amezilalia. Falone alikuwa amekaa pembeni yake anachezea kibanio.

Mtoto alizidiwa Ijumaa ile. Alilala hospitali siku sita na bomba puani. Sharifa na Ramla walikaa pande mbili za kitanda, wakipokezana kumshika, bila kusema kitu kisichohusu mtoto. Alipopona, Sharifa hakurudi Alunguli. Alimpigia Ilunga akamwambia, uwe na nyumba au usiwe nayo, tunakuja. Alifika mara moja tu kuchukua vitu vyake, pikipiki inangoja barabarani.

"Twende wote, mama," alisema. Alisema kweli, nilimsikia. "Kule Kalima kuna nafasi."

"Na baba yako akirudi?"

Sharifa alifunga mzigo wake. Sote watatu tulijua kwamba Ramla mwenyewe haamini neno hilo. Alilishika tu kwa sababu ndilo lililokuwa karibu. Falone alipunga mkono mpaka pikipiki ikakata kona.

Hiyo ni miezi saba iliyopita. Wateja wa Kasuku wamepungua. Wanasema nguo zao zinarudi na harufu, na wanasema kweli. Siku hizi kuna mashine za kufulia huko, na vijana wanaokuja kuchukua nguo mlangoni. Amebaki na nyumba tatu, wazee wenzake waliozoea. Yeye mwenyewe anakohoa sasa. Nimemwambia aende kwa Elie; anasema atakwenda kiangazi kikiingia, na kiangazi kimeingia.

Jumapili simu yake ililia nikiwa kwake. Hasikii vizuri sikio moja, akaiweka ya kusikika na wote. Alikuwa Sharifa. Wanaongea, siku hizi, kuhusu afya na chakula.

"Falone anakohoa?" Ramla aliuliza.

"Hapana. Amenona. Anakimbiza mbuzi za watu."

"Al-hamdulilahi." Akalisukuma shuka lililomgusa shavu. "Nguo munaanika wapi?"

Kulikuwa na kelele za upande ule, watoto, mtu anatwanga.

"Inje, mama."

"Za Ilunga pia? Suruali zake?"

"Pia."

"Zinakauka?"

"Zinakauka. Saa tatu tu, zimekauka."

Ramla aliitikia, akasema simu inakaribia kuisha moto wa betri, akakata. Haikuwa inaisha. Alikaa nayo mapajani muda mrefu. Nilitaka kumwambia habari ya siku ile, nilichoona na nilichonyamaza. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Nikamuuliza kama amekula. Akasema atakula baadaye, akainuka, akaanza kupita kwenye kamba moja moja, kugeuza nguo upande wa pili.